Lishe ya kenge mchanga: gharama isiyoandikwa kwenye ankara

WAHENGA walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Katika msafara wa bidhaa zinazotoka Ifakara na bonde la Mto Kilombero, mbele uko mchele, nyuma yake sukari ya Kidatu, kisha kakao ya Mbingu, mbao za mitiki na samaki wa mtoni. Kenge hayumo. Hata hivyo, mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo akisikia kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga kenge majumbani kama wengine wanavyofuga paka, huchukua kalamu na kuanza kupiga hesabu.

Hesabu hiyo mara nyingi huanzia pabaya. Huanzia kwenye bei ya mnyama, ambayo hulipwa siku moja tu, na kusahau chakula, ambacho hulipwa kila siku. Kenge mchanga anayelishwa vibaya hafi leo wala kesho. Hudhoofika taratibu kwa wiki na miezi, naye mwenye mali huja kutambua hasara wakati mifupa imekwisha kupinda.

Kwa sababu hiyo, yeyote anayefikiria biashara ya wanyama wa aina hii, awe mwenye leseni ya bustani ya wanyama au mtu anayetaka kuuza chakula chao, hana budi kuanza na swali la tumboni: kenge mchanga ale nini, kiasi gani, na kwa gharama ya nani?

SHERIA KWANZA

Kabla ya kufika kwenye panzi na mayai, kuna jambo la leseni. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inasema wanyamapori wote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kenge aliyeingia kwenye jaruba la mpunga si mali ya mwenye jaruba. Kumkamata, kumfungia au kumuuza bila kibali ni kosa, hata kama mtu amemwokota akiwa mdogo na kumwonea huruma. Anayemkuta anapaswa kumwacha aende zake, au kutoa taarifa kwa ofisa wanyamapori.

Aidha, karibu jamii yote ya kenge imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1975. Maana yake ni kwamba kenge hawezi kuuzwa kutoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine bila kibali.

Miaka ya 1980 na 1990 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizouza nje ndege na wanyama watambaao wakiwa hai, na biashara hiyo iliingiza fedha za kigeni. Mwaka 2016 mambo yalibadilika. Baada ya tumbili 61 kukamatwa katika Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro wakiwa safarini kwenda Albania, Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Profesa Jumanne Maghembe, alitangaza kusitishwa kwa usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu. Miaka hiyo ilipita bila mlango kufunguliwa. Juni 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) ilitoa ruhusa ya miezi sita ili wafanyabiashara wamalize kuuza wanyama waliobaki mazizini mwao, lakini Waziri aliyekuwapo, Dk. Pindi Chana, aliisitisha ruhusa hiyo mara tu ilipotangazwa.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, somo la tukio hilo ni la kibiashara. Soko lilifungwa kwa tangazo la siku moja, lakini matumbo ya wanyama hayakufungwa. Aliyekuwa na wanyama kwenye banda aliamka kesho yake akiwa na gharama zile zile za chakula, maji na mtunzaji, bila mnunuzi. Mali iliyo hai haihifadhiwi ghalani kama magunia ya mchele yanayosubiri bei ipande.

KENGE WA BONDENI HULA NINI

Tanzania ina aina mbili za kenge zinazofahamika zaidi. Kenge wa maji, ambaye wataalamu humwita Varanus niloticus, hukaa kando ya mito na mabwawa, naye akikomaa hufikia urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Kenge wa nchi kavu, Varanus albigularis, hupendelea pori kavu na mawe, na chakula chake kikubwa ni mende, jongoo na konokono.

Bonde la Kilombero ni makao mazuri ya huyo wa kwanza. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 7,967 za bonde hilo liliorodheshwa Aprili 25, 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Maji hupanda wakati wa masika na kufunika mbuga, kisha hushuka na kuacha madimbwi yaliyojaa samaki, vyura, kaa na wadudu.

Jike la kenge wa maji huchimba kichuguu kilicho hai na kutaga humo mayai yake, ambayo yanaweza kufika makumi kadhaa. Mchwa huziba shimo, na kichuguu huyatunzia mayai joto na unyevu kwa miezi mingi. Vitoto hutoka vikiwa na urefu unaokaribia rula ya mwanafunzi, sentimita 30 hivi pamoja na mkia, rangi yao nyeusi yenye mistari na madoa ya njano.

Katika umri huo kenge hali kuku wala hali nyama ya mzoga kama jamaa zake wakubwa. Hula panzi, nyenje, mende, buibui, jongoo, konokono wadogo na vyura wadogo. Anapokua ndipo huhamia kwenye kaa, samaki, panya, mayai ya ndege na ya mamba, na mizoga.

Katika orodha hiyo yote kuna jambo moja ambalo wafugaji wengi hulipita. Kenge wa bondeni hula kiumbe kizima: mifupa, maganda, utumbo na vilivyomo ndani ya utumbo. Hakuna mahali anapokula steki peke yake.

HESABU YA CHOKAA

Mfugaji anayeanza hudhani kumpa kenge nyama safi isiyo na mfupa ni kumtendea wema. Hapo ndipo mtaji unapoanza kuvuja. Mwili wa mnyama anayekua unahitaji madini ya chokaa yawe mengi kuliko fosforasi, kati ya sehemu moja na nusu hadi mbili za chokaa kwa sehemu moja ya fosforasi. Nyama tupu ya ng'ombe ina takriban miligramu 200 za fosforasi katika gramu 100, lakini chokaa yake ni miligramu 10 hivi tu. Uwiano huo uko kinyume kabisa na unaotakiwa.

Mwili unapokosa chokaa kwenye chakula huifuata kwenye akiba yake, nayo akiba ni mifupa. Vidole huanza kutetemeka. Taya hulegea na kubonyea kama mpira. Mgongo hupinda, miguu ya nyuma huburuzika, na mfupa huweza kuvunjika kwa kushikwa tu. Mnyama aliyefika hapo anaweza kuishi, lakini mgongo uliokwisha kupinda haunyooki, na hakuna bustani yenye sifa itakayempokea.

Gharama ya kuzuia balaa hilo ni ndogo mno. Ili gramu 100 za nyama zifikie uwiano wa chini unaotakiwa, zinahitaji nyongeza ya miligramu 290 za chokaa. Unga safi wa chokaa ya mifugo una chokaa halisi asilimia 40, hivyo kiasi kinachohitajika ni gramu 7 hivi za unga kwa kila kilo ya nyama. Kwa uwiano wa juu ni gramu 10. Asiye na unga huo anaweza kutumia maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kutwangwa hadi yawe laini. Ganda la yai moja la kuku lina takriban gramu 2 za chokaa, kwa hiyo maganda mawili yanatosha kilo moja ya nyama.

Tahadhari ni moja. Chokaa inayozungumzwa hapa ni ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa na vyakula vya mifugo. Chokaa ya kupaka ukutani huunguza kinywa na tumbo, nayo haifai kabisa.

KAPU LA SOKONI

Sehemu kubwa ya chakula cha kenge mchanga inaweza kupatikana Ifakara na vijiji vya jirani bila kuagiza kitu kutoka Dar es Salaam. Kinachotakiwa ni kujua ubora wa kila bidhaa, kama mnunuzi wa mchele anavyojua kutofautisha mchele mpya na wa zamani.

Panzi, nyenje na mende ndio chakula kikuu cha miezi ya mwanzo. Wadudu nao wana fosforasi mara kadhaa zaidi ya chokaa, hivyo wanyunyiziwe unga wa chokaa kabla ya kutolewa. Aidha, mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Wafugaji wazoefu huwalisha wadudu majani ya maboga, karoti na pumba kwa siku moja au mbili kwanza, ili anayemla mdudu ale na kilichomo tumboni mwake. Wadudu wa kukamata kwenye mashamba ya mpunga yaliyopuliziwa dawa wasinunuliwe kwa bei yoyote.

Konokono ana faida ya ganda lenye chokaa. Wafaao ni wa nchi kavu. Mtu anayeingia kwenye majaruba na mifereji kuokota konokono wa maji anajitafutia kichocho, kwani ndio wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo.

Panya mdogo mzima, mwenye mifupa na viungo vyote, ana uwiano wa chokaa unaokaribia unaotakiwa bila kuongezwa kitu. Lakini panya wa mtaani huenda amekula sumu, na sumu hiyo huhamia kwa anayemla. Mwenye leseni anayetaka panya awazalishe mwenyewe. Na hata hao wasiwe chakula cha kila siku, maana hunenepesha haraka.

Samaki wadogo wazima wanafaa mara moja moja. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kugandisha kwenye friji hakukiondoi; kuchemsha ndiko kunakokiua. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi wasitumike.

Mayai ya kware na ya kuku ni chakula kizuri kwa kiasi. Ute mbichi ukitolewa mara kwa mara huzuia mwili kupata vitamini iitwayo biotini, hivyo ni salama zaidi kulipika yai. Maini yana vitamini A nyingi. Kidogo yanafaa, yakizidi ni sumu. Soseji, nyama zenye chumvi na mabaki ya hotelini si chakula cha kenge wa umri wowote. Vile vile chura mwenye vinundu mgongoni aachwe, kwani wengi wa jamii hiyo hutoa sumu kwenye ngozi.

JUA NI SEHEMU YA CHAKULA

Kenge hana joto lake mwenyewe kama kuku au mbuzi. Ili asage chakula mwili wake unapaswa kufikia nyuzi joto 32 hadi 37 za Sentigredi, na joto hilo hulipata kwa kuota jua. Akilishwa akiwa baridi chakula huoza tumboni. Kwa sababu hiyo wakati mzuri wa kumlisha ni asubuhi baada ya jua kumpasha, ili abaki na saa kadhaa za joto baada ya kula.

Jua lina kazi ya pili. Mionzi yake huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo chokaa iliyonunuliwa kwa fedha hupita tumboni bila kufika mfupani. Kioo cha dirisha huzuia mionzi inayohitajika, hivyo kumweka mnyama nyuma ya kioo akaota jua ni kujidanganya. Mfugaji wa Ulaya hununua taa maalumu na kuilipia umeme mwaka mzima. Mwenye banda la wavu Ifakara hupata huduma hiyo bure, mradi banda liwe pia na kivuli cha kukimbilia jua linapokuwa kali.

Maji nayo yahesabiwe. Kenge wa maji anahitaji beseni analoweza kuingia mwili mzima, nayo maji yabadilishwe kila siku kwa kuwa hujisaidia humo humo. Mnyama anayekula protini nyingi na kukosa maji huumia figo, na chumvi za mkojo hujikusanya kwenye viungo vyake.

RATIBA NA MIZANI

Kenge wa miezi ya mwanzo hulishwa kila siku au karibu kila siku, kiasi anachokimaliza kwa muda mfupi, na kipande au mdudu asizidi upana wa kichwa chake. Anapokua siku za kula hupungua hadi mbili au tatu kwa wiki, na akikomaa moja au mbili zinatosha. Porini kenge hula sana wakati wa mvua na kufunga mkanda wakati wa kiangazi. Bandani hakuna kiangazi, na ndiyo maana wengi wa waliofugwa hufa kwa unene, mafuta yakiwa yamezonga ini na moyo.

Mizani ya dukani inaweza kumwokoa mfugaji. Apime kila wiki na kuandika. Uzito ukipanda pamoja na urefu, mambo ni mazuri. Uzito ukipanda peke yake, chakula kipunguzwe. Ukishuka huku mnyama anakula, daktari wa mifugo aitwe, kwani huenda kuna minyoo.

Mtunzaji anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza kazi, na watoto wadogo wasiguse mnyama wala beseni lake. Watambaao wengi hubeba vimelea vya salmonela bila wao kuugua.

NAFASI YA MWEKEZAJI MDOGO

Kwa hali ilivyo, mtu mwenye fedha kidogo anayetegemea kusafirisha kenge anaweka mtaji wake kwenye mlango uliofungwa kwa muda mrefu, na uliowahi kufunguliwa na kufungwa tena papo hapo. Hata upande wa wanunuzi soko limebana. Katika mji wa Cape Coral, jimbo la Florida nchini Marekani, kenge wa maji waliotoroka au kutupwa na wafugaji walianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuzaliana. Wengi wa waliowanunua waliwachukua wakiwa na urefu wa rula. Walipofikia urefu wa mtu, na chakula kikawa panya na samaki kwa kilo, waliwafungulia. Mwaka 2021 jimbo hilo liliwaweka kenge wa maji kwenye orodha ya wanyama wanaopigwa marufuku kufugwa nyumbani.

Palipo na nafuu ni kwenye chakula chenyewe. Kuzalisha wadudu hakuhitaji eneo kubwa, nao huliwa na kuku na samaki wa kufugwa vile vile. Mzalishaji wa namna hiyo hafungwi na mnunuzi mmoja wala na tangazo la waziri. Bustani ya wanyama yenye leseni ikija kununua, hiyo ni nyongeza. Isipokuja, wafugaji wa kuku wapo.

Kwa yule ambaye bado anataka leseni ya kufuga, hesabu yake ianze chini ya ukurasa. Aandike kwanza gharama ya chakula, chokaa, maji na mtunzaji kwa mwaka mzima bila kuuza mnyama hata mmoja. Kisha azidishe kwa miaka, akikumbuka kwamba kenge aliyetunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kama jumla hiyo inabebeka, na TAWA imempa kibali kwa maandishi, anaweza kuendelea. Kama haibebeki, ni afadhali aijue akiwa na fedha mkononi kuliko akiwa na wanyama bandani.